Taa za Mlingotini, Matawi ya Barabarani

Swali la mlingoti limenichosha. Kila nikirudi likizo Isansa lazima atokee mtu, kwa kawaida mwanamume aliyekwisha kushiba, aniulize meli ya watalii ina mlingoti wa nini na tanga haina. Halafu anasubiri watu wacheke. Baba yangu, mkulima wa kahawa ambaye bahari hajaiona, aliwahi kunijibia mbele ya wageni kwamba ni wa kupandishia bendera. Mzee wa kanisa akaafiki, wakaendelea na chai yao. Miaka sita nimepanda milingoti hiyo kama fundi umeme, mkanda kiunoni, upepo ukinipiga makofi, na nyumbani kwetu mimi ni mtunza bendera.

Basi nieleze mara moja na yaishe. Mlingoti wa meli ya watalii, pamoja na kubeba rada na antena, ni wa kuinulia taa. Meli ile ni ghorofa kumi na kitu za madirisha yanayowaka, kumbi za muziki, mabwawa yenye taa za kila rangi. Ukiitazama kwa mbali unaona mji, na mji haukuambii unaelekea wapi. Ndiyo maana juu ya vurugu zote hizo kuna taa mbili nyeupe, ya mbele chini kidogo, ya nyuma juu zaidi. Nahodha mwingine akiziona zimeachana, anajua unakatiza. Akiziona zimesimama moja juu ya nyingine, anajua unamjia yeye. Ubavu wa kushoto kuna nyekundu, wa kulia kijani, nyuma nyeupe, na ukungu ukishuka zinawashwa hata mchana. Hakuna aliyechagua rangi hizo kwa kuwa zinapendeza.

Kuna na nyingine mbili nyekundu, moja juu ya nyingine, zinazoonekana pande zote. Zile zinasema: siwezi kujiongoza, nikwepeni. Siku moja mtambo wa usukani uligoma katikati ya safari tukaziwasha. Mtambo ulipokubali tena, msaidizi wa zamu akasahau kuzizima, zikabaki zinawaka kama robo saa hivi. Ofisa wake, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alimfokea hadi mimi niliyesimama pembeni na bisibisi nikaona aibu. Alimwambia kwamba taa ikidanganya leo, kesho ikisema kweli hakuna atakayeiamini. Nilidhani anamwonea.

Likizo iliyopita ilinikuta nyumbani wakati wa mvua. Kaka yangu, mkubwa wangu wa pekee, anaendesha Fuso, anapeleka mahindi Tunduma. Nikapanda naye siku moja niende kununua vitenge. Tulipoipita Mpemba, kwenye kona, tairi la nyuma likapasuka. Kaka akashuka na panga, akakata matawi ya mgrevilea, akayafunga mafungu kwa kamba ya buluu ya magunia, akayalaza barabarani hatua nyingi nyuma ya gari. Kila dereva wa nchi hii anajua maana yake: mbele kuna gari limekwama, punguza mwendo. Ndizo taa zetu mbili nyekundu, na kwa kweli ni akili nzuri, maana hazihitaji betri.

Tairi likabadilishwa. Mimi nikaanza kurudi nyuma kuyatoa yale matawi.

“Achana nayo, dada,” kaka akasema. “Magari yatayaponda yenyewe.”

“Lakini sisi tunaondoka.”

“Umeona nani anatoa matawi? Panda twende, soko linafungwa.”

Hakusema uongo. Hakuna anayeyatoa. Barabara yote kutoka Mlowo mpaka mpakani imejaa matawi ya magari yaliyopona na kwenda zao. Na kulikuwa na matope, nami nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. Nikapanda. Nitaandika hivyo hivyo bila kujipamba: mimi ambaye mshahara wangu ni wa kuhakikisha taa inasema kweli, nilipanda gari kwa ajili ya viatu.

Siku mbili baadaye tukapita tena asubuhi, kaka amebeba mahindi, mimi nafuata kitenge kimoja nilichosahau dukani. Ukungu ulikuwa mzito. Kwenye kona ile ile magari yamesimama, watu wamejaa. Mzee mmoja wa Mbebe, aliyekuwa anapeleka maharage mjini kwa pikapu yake, alikuwa ameharibikiwa hapo. Akiwa ameinama nyuma ya gari, semi-trela ikaja ikamgonga. Alikwisha kukimbizwa hospitali, na watu walikuwa wanasema mguu haupo tena. Dereva wa semi alikuwa amekaa chini kwenye lami, shati limechanwa na waliotaka kumpiga, anarudia maneno yale yale kwa askari.

“Afande, matawi haya yapo tangu juzi. Jana nimepita hapa mara mbili, hakuna gari. Nikajua ni yale yale.”

“Mwongo,” watu wakasema. “Ulikuwa umelala.”

Nikatazama chini. Majani yalikuwa yamesinyaa, na katikati yake ilikuwepo kamba ya buluu. Kaka naye aliiona. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, “Nyamaza.”

Sikunyamaza. Nilimwambia askari kwamba matawi ni yetu, tuliyaacha juzi, dereva anasema kweli. Aliniuliza kama nilikuwepo ajali ikitokea. Nikasema hapana. Akasema basi mimi si shahidi, nisogee nimpishe apime. Akaendelea kuvuta futi yake ya kamba, akayaruka yale matawi kama anaruka dimbwi.

Ndani ya gari kaka akaniuliza kama nataka afungwe kwa ajili ya majani. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mama hajui kuwa nayajua, na yeye akaendesha akitazama mbele, na mwisho akasema ajali ni mipango ya Mungu. Hapo ndipo nilipomwambia asimame nishuke. Nilitembea mpaka Tunduma kwa miguu nikilia kwa hasira, maana kila tusi nililompa lilikuwa langu pia. Mtu anaacha matawi yake barabarani, halafu anamwachia Mungu lawama.

Dereva wa semi aliwekwa ndani. Kama mzee naye angesema jamaa alikuwa amelala au mlevi, kama watu walivyokuwa wanamwomba aseme, hakuna ambaye angeuliza habari za matawi tena. Nikaenda hospitali siku ya tatu, peke yangu, na chupa ya uji. Nilimkuta amekaa kitandani, bandeji nyeupe inaishia kwenye goti. Nilimwamkia, nikamwambia natoka Isansa, niliipita ajali yake. Kisha, kwa uoga tu, badala ya kusema lililonipeleka nikamuuliza kama asubuhi ile aliwahi kuweka alama barabarani.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Panga nilikuwa nalo. Lakini nilivyoshuka nikaona kuna matawi tayari, tena yamefungwa vizuri. Nikasema yanatosha. Nikamwombea baraka aliyeyaacha.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa hilo. Nilikuwa nimehesabu kosa letu kwa dereva peke yake, kwamba tulimzoesha kutoamini. Kumbe na huyu tulimdanganya, kwa kumfanya aamini.

Nikamwambia ni sisi. Nikamweleza yote, tairi, kaka, viatu, na dereva aliyeko ndani ambaye hakulala. Nilipomaliza akanigeukia.

“Kuyaondoa kungewachukua muda gani?”

“Dakika mbili,” nikasema.