Mlango wa Rekodi ya Damu

Dirishani kwenye hospitali moja hapa Musoma, bwana mmoja alimwambia karani, "Mke wangu anaongezewa damu. Andika kundi A, dada. Kwao wanakuwaga A wote."

Karani akaandika, kompyuta ikakataa. Akamgeukia kijana aliyeitengeneza programu ya hospitali, aliyekuwa pale akiikagua. "Kaka, si utufungulie?"

Akatikisa kichwa. "Konstrakta, ile sehemu inayounda rekodi, nimeifungia ndani. Rekodi ya damu inaundwa na jibu la maabara tu. Hata mimi siwezi kuiandika kwa mkono."

Bwana akasonya. Damu ya mkewe ikapimwa, jibu likaja: O. Kuongezewa damu ya A kungeweza kumuua.

Bwana akakaa chini, akavua kofia.

Mfumo ukikataa, huwa tunasonya. Mama yule yu hai kwa mlango ambao aliyeujenga hakujiachia ufunguo.