Homa ya Namba Nne

Mtaani walimwita Bi Swichi, wala si kwamba aliuza swichi. Jina lilianzia kwa mama yake mzazi. Majirani walikuja kumjulia hali mama huyo, wakamkuta binti yake ameketi pembeni mwa kitanda, kompyuta mapajani, vibanio viwili vya nguo mdomoni kwa sababu alikuwa katikati ya kuanika. Jirani mmoja akauliza, huyu naye leo hakwenda kazini? Mama akajibu bila hata kugeuza shingo, "Yuko kazini. Hapo ulipomkuta anazima na kuwasha mashine zilizoko ng'ambo ya mji." Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo ikawa Bi Swichi huku, Bi Swichi kule, na mwenyewe akaitika.

Lakini mama alisema kweli tupu. Ng'ambo ya mji kulikuwa na bohari ya dawa, na ndani ya bohari kulikuwa na chumba kimoja kidogo chenye ubaridi, na ndani ya chumba hicho seva sita zimepangwa juu kwa juu kwenye kabati la chuma kama droo. Namba moja ilikuwa juu kabisa na namba sita karibu na sakafu. Seva hizo ndizo zilizojua dawa gani iko rafu gani na ipi inakaribia kuharibika. Zikizimika, wapakiaji wanabaki kushika viuno. Bi Swichi ndiye aliyezitunza, miaka kumi na moja. Miaka kumi alizitunza akiwa mle mle chumbani, na koti zito mwilini na kamasi puani. Wa kumi na moja alizitunza kutoka kitandani kwa mama.

Aliwezaje? Kila seva ina kompyuta nyingine ndogo imebandikwa kwenye ubao wake, haizidi ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndogo ina waya wake yenyewe wa mtandao, na haitegemei kubwa. Kubwa ikifa, ndogo iko macho, mradi umeme upo ukutani. Bi Swichi aliiita bawabu. Unambishia hodi kutoka mbali, unampa neno la siri, anakufungulia. Anakwambia joto la mashine, mwendo wa feni, nani alibonyeza nini na saa ngapi. Ukitaka anakuonyesha kioo cha mashine kana kwamba umesimama mbele yake. Ukimwambia washa, anawasha. Na kila anachokiona anakiandika, hata kama hukumuuliza.

Mama alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema kila baada ya saa mbili ainuliwe atembezwe hatua kumi na mbili mpaka dirishani na kurudi, la sivyo mguu utaganda. Meneja wa zamani alielewa, akasema kaa na mama, mashine hazina macho ya kujua uko wapi. Kisha meneja wa zamani akastaafu, akaja mpya.

Huyu mpya alikuwa mtu wa kuhesabu vichwa. Asubuhi alizunguka meza zote na koti lake refu jeusi, akiona kiti kitupu anakigusa kama anapima kama kina joto la mtu. Wiki ya tatu barua ikamfikia Bi Swichi: kuanzia Jumatatu ijayo afike ofisini kila siku, atawekewa meza ukumbini, mbele ya mlango wa meneja. Akapiga simu kujieleza.

"Dada, mimi nimefanya kazi miaka mingi," meneja akamkatiza. "Mtu akiwa nyumbani mchana, analala. Hakuna cha zaidi."

"Mkuu, silali. Nina mgonjwa."

"Wagonjwa wana ndugu. Jumatatu."

Ndugu alikuwepo, kaka mkubwa, anakaa mbali, ghorofa ya nne, nyumba haina lifti. Naye alishasema, Bi Swichi akirudi ofisini atakuja kumchukua mama. Mama aliposikia alivuta shuka mpaka kidevuni. "Ghorofa ya nne nitashuka mara moja tu, nimebebwa," alisema. "Na yule mke wake anatembea kwa kunyata kama anaiba. Mwanangu, usinipeleke kule." Alisema kwa utani, lakini mkono ulioshika shuka haukuwa na utani. Bi Swichi akaona.

Sasa, wiki hizo hizo tatu, namba nne ilikuwa imeanza kuugua.

Joto la mbele ya seva, pale inapovutia hewa, kwa kawaida lilikuwa ishirini na moja. Kila ikifika saa saba na robo mchana, la namba nne lilianza kupanda. Ishirini na nne. Ishirini na nane. Thelathini na moja. Saa nane kasoro linashuka lenyewe, mpaka saa nane kamili mashine imepona. Bi Swichi alidhani feni mbovu, akaipima kupitia kwa bawabu, feni nzima. Akadhani kazi imeizidi, akaipunguzia, homa pale pale. Jumamosi haikuugua. Jumapili haikuugua. Jumatano moja nayo haikuugua, akashindwa kuelewa kabisa.

Mama alikuwa anamtazama anavyokuna kichwa. "Hebu nieleze mimi," akasema.

Akaelezwa. Mama akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia msomi. "We mtoto. Kitu kikipata homa saa ya chakula kikapona saa ya kurudi kazini, huo si ugonjwa. Huyo ni mtu."

Bi Swichi akampigia mlinzi wa bohari, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki hatua tatu kutoka mlango wa chumba cha seva.

"Afande, habari za huko?"

"Salama dada, tumekukosa."

"Saa saba na robo nani anaingia chumba changu?"

Sauti ikashuka mpaka ikawa ya kunong'ona. "Dada, mimi nina watoto."

"Hata mimi sitaki ufukuzwe. Nguo gani?"

"...Koti refu. Anaingia nalo mkononi, anasema anakagua. Anajifungia. Anatoka saa nane kasoro, na hapa shavuni ana mistari mistari, kama mtu aliyelalia boksi."

"Na Jumatano ile?"

"Alikwenda kikao."

Bi Swichi akakata simu akajishika mdomo. Chumba kile ndicho pekee chenye ubaridi ambacho hakikuwa na wafanyakazi. Mtu wa watu alikuwa ametandika maboksi ya dawa sakafuni, na kwa kuwa vitaa vya seva hupepesa usiku na mchana, alikuwa anakunja koti na kulitundika mbele ya vile vilivyomlenga machoni. Koti lilining'inia sawasawa mbele ya pua ya namba nne. Mashine ilikuwa inakabwa pumzi, mtu analala.

"Na huyo ndiye anayesema wa nyumbani wanalala!" Mama akapiga godoro kwa kiganja. "Mwite umwambie!"

"Nikimwambia hivyo, mama, atanichukia, na barua iko pale pale."

"Basi mtikise kidogo. Kidogo tu."

Bi Swichi alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mbili. Alijua haifai. Alhamisi, saa saba na nusu, akabisha hodi kwa mabawabu.

Kila seva ina taa moja ya buluu mbele, ambayo fundi huiwasha kwa mbali ili aliyesimama pale ajue ni ipi kati ya sita zinazofanana. Namba nne ilikuwa tayari imefunikwa. Akawasha ya namba tatu, iliyo juu yake, ipepese.

Wakangoja. Dakika nne baadaye joto la namba nne likaanza kushuka, la namba tatu likaanza kupanda.

"Amehamisha koti!" Mama akanong'ona, kana kwamba meneja angeweza kumsikia. "Washa nyingine!"

Akawasha ya namba nne. Kidogo, koti likashuka tena. Akawasha ya namba mbili. Namba mbili ikapata joto, namba nne ikapona. Kule ng'ambo ya mji mtu mzima na cheo chake alikuwa anapandisha na kushusha koti kama mpandisha bendera, na huku mama anacheka huku ameshika nyonga, "Usinichekeshe, inauma, washa na ile ya chini!"

"Basi, mama. Imetosha. Acha nikuletee maji unywe dawa."

Akaiweka kompyuta kitandani, akaenda jikoni. Kwenye kioo alikuwa ameacha wazi ukurasa wa feni, seva zote sita, mshale umekaa karibu na palipoandikwa mwendo wa mwisho.

Aliporudi na kikombe, mama alikuwa amelala chali anatazama dari, mikono kifuani, mtakatifu.

"Mama. Umegusa nini?"

"Kidole kimeteleza. Si unajua mimi huteleza."

Simu ikalia. Mlinzi. Hakuwa ananong'ona tena, alikuwa anapiga kelele ili asikike. "Dada! Huku chumbani kwako kuna ndege inataka kuruka! Meneja ametoka mbio, kiatu kimoja, koti kichwani!" Kabla hajamaliza, ikaingia simu nyingine. Meneja.

"Mashine zako zimepandwa na wazimu!" Nyuma yake feni zilinguruma hata Bi Swichi akaiweka simu mbali na sikio. "Zinataka kulipuka! Unaona sasa? Ndiyo maana nataka watu wawe kazini! Siyo Jumatatu tena, kesho! Kesho asubuhi uwe hapa!"

Kicheko kikamwisha Bi Swichi pale pale, kama maji yaliyomwagika. Alimtazama mama. Mama hakuwa anatazama dari tena. Alikuwa amevuta shuka mpaka kidevuni.

"Mkuu, naomba usimame mlangoni," akasema taratibu. "Sikiliza. Namba moja." Akabonyeza. Ngurumo ikapungua kidogo. "Namba mbili. Namba tatu." Kila alipotaja, sauti moja ilitoka kwenye ile kelele, mpaka alipofika sita pakabaki mvumo wa kawaida na pumzi za meneja.

"Umefanyaje?" meneja akauliza.

"Nimezishusha feni."

"Uko wapi wewe?"

"Kitandani kwa mama."

"Haiwezekani. Washa... washa kitu hapo nikione."

"Tazama namba tano, mkuu. Taa ya buluu."

"Naiona." Akaendelea taratibu, kama mtu anayeanza kupiga hesabu asiyotaka kuifikia mwisho. "Hizo taa, leo... Na hiki kitu kinakuonyesha nini kingine?"

"Joto, mkuu. Kinaandika usiku na mchana na kutunza. Kwa mfano, namba nne ina homa. Kila siku ya kazi saa saba na robo inaanza, saa nane kasoro inaisha. Kama kitu kinaiziba pumzi. Jumatano ile ulipokwenda kikao, haikuugua."

Mama alikuwa ameng'ata pembe ya shuka.

"Chanzo chake ni nini?" meneja akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya meneja.

"Sijaandika chanzo, mkuu. Bado nachunguza. Lakini vizuri kwamba nakuja. Kwa homa hii ukumbini sitaweza kukaa. Itabidi nirudi kwenye meza yangu mle mle chumbani, asubuhi mpaka jioni, hata saa ya chakula nisitoke, mpaka nimjue... nikijue kinachoiziba."

Mlinzi alisimulia baadaye kwamba wakati huo meneja aliligeukia koti lake lililokuwa begani, akalitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Mama yako," meneja akasema, "anaendeleaje?"

"Anatembea hatua kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Hizo bado si nyingi."

"Bado, mkuu."

"Basi sioni haja ya kumsumbua mgonjwa. Huo uchunguzi... unaweza kuendelea ukiwa huko huko?"

"Naweza. Ila mkuu, kama ikitokea mkaguzi ana kitu cha kutundika, nyuma ya mlango kuna msumari. Niliupigilia mwenyewe kwa ajili ya koti langu. Mashine zinapumulia mbele. Nyuma ya mlango hakuna anayeumia."

"Nyuma ya mlango," meneja akarudia, kama anayeandika. Akakata simu.

Ijumaa ikaja barua ya pili. Ilisema kwamba kwa sababu za kiufundi mtunza seva ataendelea kufanyia kazi mahali alipo, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Bi Swichi aliisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili kwa sababu mama alitaka kusikia tena pale pa sababu za kiufundi. "Ndiyo mimi," mama akasema. "Andika uwatumie. Sababu za kiufundi zimeamka salama." Kaka mkubwa akapigiwa simu asije.

Jumatatu saa saba na robo wote wawili walikuwa kwenye kioo. Ishirini na moja. Saa saba na nusu, ishirini na moja.

"Hajaja?" mama akauliza.

Bi Swichi akamtumia mlinzi ujumbe. Jibu likarudi neno moja: yumo.

Basi ikawa desturi yao. Saa nane kasoro dakika tano Bi Swichi huwasha taa ya buluu ya namba nne, ipepese mara kadhaa na kuzimika, na saa nane kamili, mlinzi anasema, meneja yuko ukumbini anagusa viti, shavu lina mistari. Hajawahi kuuliza taa ile inawashwa na nani. Siku moja tu alimpigia Bi Swichi kuuliza jambo la rafu za dawa, na kabla ya kukata akasema haraka haraka kwamba Ijumaa kuna wageni kutoka makao makuu saa nane, kama inawezekana iwe mapema kidogo.

"Dakika kumi, mkuu?"

"Kumi zitatosha."

Dakika hizo ndizo pia za mama kuinuka. Bi Swichi anabonyeza, taa inawaka ng'ambo ya mji, kisha anampa mama mkono, wanaanza kuhesabu hatua, dirishani na kurudi, tena na tena. Wamefika ishirini na tisa.