Usinichagulie Habari

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa karibu na Grande Barrière, pale mpakani, mikono ina mafuta ya maandazi na mapajani nina rundo la magazeti makuukuu. Nilikuwa binti bado. Macho yaliniishia utotoni kwa ugonjwa, kule Karagwe tulikokuwa tukiishi kabla ya kurudi nyumbani, na hapa Gisenyi nililelewa na shangazi yangu. Yeye alikaanga maandazi na kuwauzia akina mama waliokuwa wakivuka kwenda Goma na vitunguu na karoti zao. Mimi nilifunga. Nilikunja karatasi upesi kuliko wenye macho mawili, na sikuwaficha jambo hilo.

Usidhani nakupotezea muda. Umekuja kutoka kwenye gazeti lenu, umenipa simu yako, umenisikilizisha toleo la sauti mlilotuandalia sisi tusioona, na unataka nikwambie kama ni zuri kabla halijaanza Jumatatu. Sauti ya msomaji ni tamu, hilo sikatai. Lakini kunywa chai yako kwanza. Ukinisikiliza utajua kwa nini sikukusifia uliposema mmetuchagulia habari zinazotufaa.

Siku zile mtaani kwetu Mbugangari palikuwa na fundi wa redio, jina lake Fabiani. Kijana mwenye moyo, asiye na makuu. Kila gazeti lilipofika mjini alilinunua, akaja kukaa kwenye benchi la shangazi na kunisomea. Hakuna aliyemtuma, na malipo yake yalikuwa maandazi tu. Akimaliza kusoma, gazeti alituachia tufungie biashara. Basi mimi nilijihesabu msomaji wa gazeti. Watu wakibishana jambo njiani, nilidakia, "Nimesoma," na nikaeleza kwa kichwa kigumu kabisa. Mdomo ninao tangu zamani.

Sasa asubuhi ile, mama mmoja wa vitunguu alinunua andazi, akalila amesimama, huku anasoma karatasi niliyomfungia. Akaniambia, "Dada, iko tangazo hapa kwa karatasi. Wanatafuta watu wenye hawaone, waende kujifunza kazi ya telefone kule Kigali. Wewe ulishajiandikisha?"

Nilifikiri ananitania. Nikamwomba anisomee yote, neno kwa neno, naye Mungu ambariki, alitua mzigo wake akasoma. Kulikuwa na shule. Kulikuwa na mahali pa kulala. Kulikuwa na kufundishwa kusoma nukta nundu kwa vidole. Na siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa imekwisha kupita.

Mwanangu, karatasi ile niliikunja mwenyewe. Maisha niliyokuwa nikiyaomba kila Jumapili yalikuwa mikononi mwangu, nikayafungia andazi. Nililia palepale mbele ya wateja, na sikuona haya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shangazi alifunga biashara mapema, akamwita Fabiani. Kijana hakukana. Alisema tangazo aliliona siku ileile aliyoninunulia gazeti, akaliruka kwa makusudi.

"Mama, nilimuhurumia," akasema. "Kigali iko mbali. Hajui njia. Gari zitamugonga."

"Na hapa gari haziko?" shangazi akamuuliza.

Shangazi yangu hakuwahi kukanyaga darasa, na kwa kawaida akikasirika alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Siku ile alisema taratibu, na ndiyo maana maneno yake sijayapoteza hata moja. Unajua sisi wa ziwa hili tunavyokula sambaza: samaki wadogo kama kidole, hatuwapasui wala hatuwatoi kichwa.

"Bon, Fabiani," akasema. "Sambaza tunakula muzima, kichwa na mukia. Wewe unamutolea huyu mutoto kichwa, unamutolea mukia, unasema ni upendo. Nani alikutuma umuchagulie? Mupatie yote. Yenye itamushinda, atatema yeye mwenyewe."

Mimi nilikuwa nafurahi moyoni kwamba Fabiani anapata haki yake. Lakini sina budi kusema ukweli: hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemjua mapema. Mtu mbaya hukufungia mlango usoni, nawe ukajua umefungiwa. Mwenye huruma huurudisha polepole, huku anakusomea habari za kilimo, nawe huna hata habari kwamba palikuwa na mlango. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, lakini mimi si mgonjwa, mwanangu. Mimi sioni tu.

Gazeti lililofuata lilipofika, Fabiani alikuja na heshima mpya. Alianza ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho akinisomea vichwa vya habari tu, na matangazo, na majina yaliyo chini ya picha. Kisha akauliza, "Dada, tuanzie wapi?" Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikasema tuanze na vifo. Baada ya vifo nikataka mpira, kisha kesi za mahakamani, na kilimo akiweke mwisho au asikisome kabisa. Alishangaa sana. Muda wote ule alikuwa amenilisha kilimo na mahubiri, akiamini ndiyo mambo ya msichana asiyeona.

Tangazo la namna ile lilichukua muda mrefu kurudi. Liliporudi, Fabiani alilisoma lote, ingawa alijua nitaondoka. Hakuruka hata neno. Nilijiandikisha, nikaenda, na gari halikunigonga. Nilijifunza nukta nundu, nikajifunza simu, nikaajiriwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, nikapokea simu za wageni mpaka mvi zikanijaa. Na kama unajiuliza, ndiyo, Fabiani alinisubiri. Ni huyo uliyemsalimia mlangoni ulipoingia. Hadi leo ananisomea vichwa kwanza.

Sasa turudi kwenye kazi yako. Nimesikiliza simu yako mpaka mwisho. Nimesikia habari ya kuku, ya usafi, ya mtoto asiyeona aliyeshinda mtihani. Nzuri zote. Vifo viko wapi? Matangazo ya viwanja? Makala ya yule bwana anayewagombeza viongozi, ambaye jirani zangu wanamcheka kila wiki? Rafiki yangu wa kule Nyakiriba anauza viazi na haoni kama mimi. Bei za soko umemwekea wapi? Umesema, "Mama, hayo hayawahusu sana." Fabiani naye alidhani hivyo.

Nasaha yangu ni hii, na uishike. Mpe asiyeona gazeti zima, asubuhi ileile wanayolipata wengine, si juma lijalo likishachacha. Mtajie vichwa vyote kwanza, kisha mwache achague mwenyewe, hata akichagua upuuzi. Wenye macho wanasoma upuuzi kila siku na hakuna anayewazuia. Tangazo usiliweke kwenye simu kama picha tupu, kwa kuwa simu yangu husoma maandishi, na ikifika kwenye picha inakuwa bubu. Liandike. Picha nayo ielezwe kwa maneno: nani amesimama, anafanya nini, amekunja uso au anacheka. Wapo pia wanaoona kidogo, hao wapanulie herufi. Na kabla hujaamua lolote, waite wasioona wakae mezani pako, uwalipe kama unavyowalipa wengine, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi hiyo unaiweza. Ungekuwa huiwezi nisingehangaika kukugombeza, ningekusifia sauti tamu nikakusindikiza.

Mkubwa wako atasema ni kazi nyingi, Jumatatu iko karibu. Mwambie ianze Jumatatu nyingine, ikiwa nzima. Mwambie ni mimi niliyesema, akija hapa nitampa maandazi na maneno pia.

Haya, nenda salama. Mungu akubariki, mwanangu, akupe mkono mwepesi na wasomaji wasumbufu kama mimi. Akuepushe na huruma inayomchagulia mtu mzima. Akupe umri mrefu, uwaone wajukuu. Na umri mrefu, nakwambia, hauji bila kuchosha macho. Siku macho yako yakichoka, uamke asubuhi ulikute gazeti zima linakungoja.