Godoro Langu Kwenye Gata

Ndugu zangu, kuna aibu ambayo mtu anaificha, na kuna aibu ambayo mtaa mzima unayo tayari, sasa hiyo ukiificha unamficha nani? Yangu ni ya aina ya pili. Njoo Miyuji, hapa Dodoma, uulize nyumba ya mwandishi wa riwaya, watu watakutazama tu kama umepotea, lakini uliza nyumba ya yule wa godoro kwenye gata, muuza mkaa ataacha mkaa wake akupeleke mpaka mlangoni, na njiani atakusimulia mkasa wote kwa kuuongezea chumvi, ndiyo maana nimeona bora nisimulie mwenyewe, walau mimi nitajihurumia kidogo.

Nilikuwa nimepeleka barua ya posa Kondoa, kwa baba yake Zuhura. Zuhura anafanya kazi ofisini hapa mjini, ndiye msomaji wangu wa kwanza na mkosoaji wangu mkali kuliko wote, na nilikuwa nampenda kwa namna ambayo nikijaribu kuiandika naharibu karatasi. Baba yake, Mzee Swalehe, mkulima wa kule vilimani, aliipokea barua, akaisoma, akaiweka chini ya Msahafu, na hakuijibu. Zuhura alipomwambia kwamba mchumba wake ni mwandishi wa vitabu, mzee alisema hivi: "Sitaki kujua anaandika nini. Nataka kujua wewe utakunywa nini."

Maana alikuwa anaijua Dodoma. Maji ya bomba kwetu huja kwa zamu, na zamu yenyewe huja inapojisikia. Mzee akasema atakuja mwenyewe kuiona nyumba, na akikuta ina maji yake, barua itajibiwa hapo hapo. Akikuta binti yake atakuwa wa kuzunguka na ndoo, basi barua itabaki ilipo.

Nyumba ninayo, tulijengewa na marehemu baba, naishi humo na mama yangu. Fundi Chilewa akanifungia gata la kukinga mvua kuzunguka paa lote na tangi kubwa jeusi pembeni, kazi safi, ila jirani ana mwarobaini mkubwa ambao nusu ya matawi yake yanaishi juu ya paa letu, na majani yake yakiingia kwenye gata yanaziba, yanaoza, na maji yanakuwa machungu kama kwinini. Fundi akaniambia gata linahitaji kinga, tukaenda wote dukani.

Muuzaji akatuwekea juu ya meza wavu wa chuma, matundu madogo kama ya chekecheo, na kinga ya plastiki yenye tundu kubwa kubwa, halafu akatuonyesha kwenye simu yake picha ya aina ya tatu ambayo hakuwa nayo, ya kuagiza, ni sponji iliyokatwa ndefu inayolala ndani ya gata, majani yanabaki juu, maji yanapenya chini. Fundi Chilewa akaushika wavu wa chuma, akaukunja, akaukunjua, akasema tuchukue huu twende. Mimi (na hapa ndipo mkasa ulipozaliwa) nikasema hapana, wavu huu hauna ushairi.

"Hauna nini?"

"Ushairi, fundi."

"Una matundu," akasema. "Matundu ndiyo tunayohitaji."

Lakini mimi nilishaiona ile sponji. Mvua inashuka kutoka mbinguni, inatua juu ya kitu laini, inapenya taratibu kama fikra! Na sponji ninayo, nikakumbuka, tena ya bure: stoo kulikuwa na godoro langu la utotoni, nililolilalia toka darasa la kwanza, ambalo mama aliliweka kando kwa sababu zake, na sababu hizo sikuzikumbuka, au tuseme nilichagua kutozikumbuka. Nikajiambia hili ndilo godoro nililootea hadithi zangu za kwanza, sasa maji ya nyumba yetu, mimi na Zuhura, yatapita katika ndoto zangu za utotoni. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari. Ipo mpaka leo, nimeipigia mstari mwekundu.

Nikalichana kwa kisu cha jikoni vipande virefu virefu, nikapanda ngazi mwenyewe kwa sababu fundi alikataa ("godoro ni la kulalia, mwandishi, mimi simo"), nikajaza gata mwanzo mpaka mwisho. Mvua ya kwanza ikanyesha siku mbili mfululizo. Tangi likajaa mpaka likatapika. Wala sikuyaonja maji yake, sisi bado tulikuwa tunatumia maji ya madumu. Hayo niliyatunza kwa ajili ya mgeni, kama bibi harusi.

Jumamosi, mchana wa jua kali, wakafika: Mzee Swalehe na kanzu yake, dada yake Shangazi Amina, na Zuhura akiwa nyuma yao, ananikonyeza nisimame wima. Nikawaamkia, shikamoo baba, shikamoo shangazi. Mzee hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaligonga kwa vidole toka juu kushuka chini, akasikia limejaa, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Hili mpaka lini?"

"Mpaka mwezi wa saba, baba."

"Vizuri sana, kijana. Vizuri sana." Akamgeukia dada yake. "Amina, barua unayo?"

"Ninayo kwenye mkoba."

"Basi tuswali adhuhuri kwanza, tukimaliza tuijibu."

Akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa penye koki ya tangi atie udhu. Akaosha viganja. Akakinga maji asukutue, mkono ukafika karibu na mdomo, ukasimama. Akanusa. Akatazama kiganjani. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa majani ya kutosha, na harufu yake (nilikuwa hatua tatu nyuma na ilinifikia) niliitambua papo hapo, kama unavyomtambua mtu mliyesoma naye.

"Mwanangu, maji haya yana nini?"

Ningesema kweli pale, ingekuwa aibu ndogo, ya watu wanne. Lakini mimi ndugu zangu kazi yangu ni kutunga, mdomo ukatunga.

"Mwarobaini, baba. Majani ya ule mti pale. Ni dawa."

Uso wa mzee ukafunguka. "Mwarobaini! Amina, umesikia? Maji ya mvua yenye mwarobaini ndani! Na goti langu hili! Hebu leta kikombe."

"Baba, nafikiri tuyachemshe kwanza..."

"Dawa ya miti haichemshwi hovyo. Shangazi mtu, kikombe!"

Shangazi Amina akakileta, akasema na yeye atakunywa kwa ajili ya presha, na Zuhura yule msomi wa ofisini akasema baba nibakizie na mimi. Kikombe kikajaa. Namwona mzee anasema bismillahi. Namwona anakiinua. Barua ya posa imechungulia kwenye mkoba, nusu dakika tu na nina mke, na nakiri mbele yenu kwamba kwa muda wa pumzi moja nilipima: akinywa atapungukiwa nini?

"Usinywe, baba! Ni mkojo!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba njiwa wa jirani waliruka. Kikombe kikabaki hewani.

"Mkojo wa nani?"

"Wangu."

"Wa lini?"

"Wa zamani, baba. Wa darasa la tano."

Halafu kutoka jikoni, kwenye harufu nzuri ya pilau, sauti ya mama yangu mzazi: "La saba! Usiwadanganye wazee. Mpaka la saba, nilikuwa naanika kila asubuhi. Kwani umelipeleka wapi lile godoro?"

Nikanyoosha kidole juu ya paa. Shangazi Amina akaketi chini palepale alipokuwa.

Mzee Swalehe hakunigombeza. Aliweka kikombe chini, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi, "Maji yakibadilika rangi na harufu kwa najisi hayafai, hata yakijaa tangi," kisha akaifungua koki ya chini kabisa, ile ya kusafishia, akaiacha wazi.

Sasa mtu wa mikoa yenye mito hawezi kuelewa nilichokiona baada ya hapo. Maji yanamwagika barabarani Dodoma, na bomba lina siku nne halijakohoa! Kwanza alitoka Mama Neema wa jirani na ndoo mbili. Nyuma yake wakaja wengine, ndoo, madumu, sufuria, mmoja na beseni la nguo ambazo hata hakuzitoa, wote wanakimbilia mfereji wangu, na mimi nimetanua mikono kama golikipa.

"Msichote! Jamani msichote!"

"Unamwaga halafu unatukataza?" Mama Neema akang'aka. "Uchoyo gani huu, mwandishi?"

"Si uchoyo, mama. Yana mkojo."

"Wa paka? Tutachuja."

"Wangu!"

Nikalazimika kurudia kwa kila aliyefika, mmoja mmoja, kuanzia sponji, maana kila mmoja alidhani namfanyia roho mbaya. Nilieleza mara kumi na mbili. Kufikia mara ya tisa Mama Neema alikuwa ananisaidia kueleza, tena yeye alieleza vizuri kuliko mimi.

Tangi lilipokauka mzee alitia udhu kwa maji ya dumu, akaswali, akala pilau ya mama, akanawa. Kisha akamwomba dada yake barua, akaijibu kwa kalamu yangu mwenyewe. "Nyumba haina maji," akasema. "Lakini kijana angeweza kunyamaza ninywe kile kikombe, hakunyamaza. Mahari aseme binti mwenyewe."

Zuhura akasema. Hakufikiri hata kidogo.

Ndiyo maana siku ya ndoa, msikiti umejaa mpaka barazani, sheikhe alisoma karatasi, akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena, akaniambia nikubali kwa mahari tuliyopatana. Nikajibu chini chini.

"Kwa sauti," akasema, "mashahidi wasikie."

"Nimekubali kumuoa Zuhura binti Swalehe," nikasema kwa sauti, na toka siku hiyo sijamgusia fundi yeyote habari za ushairi, "kwa mahari ya mita ishirini na nne za wavu wa chuma wa gata, na nisipande ngazi."