Asubuhi Tulizotembea na Baba

Baba yangu alikuwa amepita miaka sabini, nami sijafika thelathini na tano, asubuhi ile aliponiacha nyuma kwenye mlima wa kwenda kiwanda cha kahawa. Hakukusudia. Alikuwa akinieleza habari za mti fulani wa mkahawa uliokauka upande mmoja, akanyoosha mkono kunionyesha, akageuka, akakuta anazungumza na barabara tupu. Mimi nilikuwa kule chini, nimeshika magoti, natafuta pumzi. Alinisubiri. Nilipomfikia aliendelea na habari za mkahawa wake pale pale alipokuwa ameziachia.

Ugonjwa ulikuwa umenikuta mjini Embu miaka mingi kabla ya hapo, nikijifunza useremala kwa fundi mmoja aliyekuwa na karakana karibu na soko. Kilichoanza ni kiu. Nilikunywa maji hata vijana wenzangu wakanitania kwamba nimemeza moto. Suruali zikaanza kunivuka, na watu wakanong'ona yale wanayonong'ona wakiona kijana anakonda ghafla. Siku nilipoanguka juu ya benchi nikipiga randa, yule fundi alinipeleka hospitali mwenyewe, nguo zake zimejaa vumbi la mbao.

Nilipozinduka, daktari aliniambia nina kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho langu lilikuwa limeacha kutengeneza insulini, na ningejidunga sindano kila siku maisha yangu yote. Wazazi wangu walikuwa wamefika kutoka nyumbani Githongo, wamesimama miguuni pa kitanda. Mama alilia. Baba aliuliza kama dawa hiyo ni ya mwezi mmoja au miwili. Daktari akarudia kwamba ni ya maisha yote. Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mwenye duka anayetaja bei ya kwanza.

Nilirudi nyumbani, nikafungua karakana yangu kando ya barabara hapo Githongo. Nilitengeneza vitanda, meza, na milango ya watu waliouza kahawa vizuri. Miaka ya mwanzo nilijikaza. Baadaye uchovu ukaja, ukakaa.

Watu hudhani kisukari ni habari ya kunywa chai bila sukari. Hicho ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Uchovu wa kulima naujua, nimekulia ndani yake. Ukioga na kula, unaondoka. Huu wangu ulikuwa ukinitangulia kazini. Nilifungua mlango wa karakana nikaukuta umeshaketi. Sukari ikipanda, mwili ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Ikishuka, mikono ilitetemeka na jasho likanitoka hata katika baridi ya Julai. Ikikaa sawa, nilikuwa nimechoka kwa ule kupanda na kushuka. Nilishika msumeno, nikakata nusu ya ubao, nikaketi. Nikiketi, nililala.

Mama mmoja aliyekuwa ameagiza kitanda cha binti yake alinikuta nimelala juu ya maranda mchana kweupe. Nilimwomba msamaha, nikamwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi akanikuta vilevile. Alimwita mtu wa mkokoteni, akachukua mbao zake, na kabla jua halijatua kituo kizima cha Githongo kilikuwa kinajua kwamba yule seremala siku hizi analewa tangu asubuhi. Sijawahi kuonja pombe. Sikumfuata mtu yeyote kumweleza, kwa sababu ningelazimika kusimama muda mrefu.

Nyumbani hali haikuwa tofauti sana. Baba hakuwa mkali, lakini alikuwa na msemo wake ambao kwa Kimeru unasikika mfupi zaidi: uchovu ni wa mtu aliyemaliza kazi. Aliusema akiwa amebeba nyasi za ng'ombe, mimi nimeketi kwenye kigoda nje ya jikoni. Mama alimnyamazisha kwa macho. Ningependelea angemwacha aseme yote.

Kliniki yangu ilikuwa mjini Meru. Muuguzi wa pale, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinisikiliza siku moja nilipomwambia kwamba sioni tena faida ya kuamka. Hakunihubiria. Aliangalia vipimo vyangu, akasema sukari yangu inarukaruka na misuli yangu imeanza kulegea kwa kukaa, na kwamba mwili usiotembezwa huchoka zaidi. Akanishauri nitembee kila asubuhi, nianze kidogo. Alinifundisha mambo ambayo sikuwa nayajua: nipime kabla ya kutoka, nipunguze dozi kidogo kama ninaenda mbali, nisijidunge pajani wakati nataka kuutumia mguu, na nisiondoke bila kitu kitamu mfukoni. Nilimwambia nimechoka, naye ananiambia nitembee. Akasema anajua inavyosikika.

Nilimweleza Mama nikinywa uji. Naye lazima alimweleza Baba, kwa maana kesho yake alfajiri nilisikia fimbo ikigonga mlango wangu. Baba alikuwa amevaa buti za mpira na koti lake la kanisani.

"Twende," alisema. "Nimesikia dawa yako iko barabarani."

Nilicheka kidogo. Sikulipima neno hilo.

Siku za kwanza zilikuwa za aibu. Tuliishia kanisani, mahali ambapo mtoto wa shule hufika kabla hajamaliza kula ndizi yake. Wanawake waliokuwa wakienda kuchuma kahawa walitupita, wakatusalimu kwa huruma, na nadhani kila mmoja aliamini kwamba mimi ndiye ninayemsindikiza mzee. Baadaye tukafika daraja la kijito. Kisha tukafika kiwandani, ule mlima ulionishinda. Baba alikuwa akizungumza njia nzima, yeye ambaye nyumbani aliweza kumaliza siku kwa maneno machache. Alinionyesha mashamba na wenyewe, nani aling'oa mikahawa akapanda makadamia na nani anajuta. Alinieleza jinsi alivyokuwa akibeba kahawa mgongoni kwenye mlima huohuo kabla hajamwoa mama yangu. Nilikuwa sijawahi kuwa naye hivyo.

Lakini sitaki kusema uongo kuhusu asubuhi zile. Nilirudi nimechoka hata viatu vilinishinda kuvua. Siku nyingine sukari ilishuka mchana, saa nyingi baada ya kutembea, usingizi ukanichukua katikati ya kazi, randa mkononi. Nilikuwa nikitembea ili nipate nguvu, na nguvu kidogo niliyokuwa nayo ilikuwa ikiishia barabarani. Mara nyingi nilisikia fimbo mlangoni nikatamani mvua inyeshe.

Kuna asubuhi nilipima harakaharaka, nikaona namba inayoridhisha, nikasahau kwamba nilikuwa nimejidunga dozi yangu nzima na uji nimeuacha nusu. Tulikuwa tumeukaribia mlima wa kiwanda midomo yangu ilipoanza kufa ganzi. Nilitaka kumwambia Baba tusimame, lakini maneno yalikataa kupangika. Nakumbuka nyasi zikinijia usoni. Kisha sikumbuki.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kando ya barabara, kichwa changu juu ya mapaja yake. Alikuwa amekuta peremende mfukoni mwangu, akazisaga kwa meno yake mwenyewe, na alikuwa akinipaka ule unga ndani ya shavu kwa kidole, polepole, kama anayemlisha ndama asiyetaka kunyonya. Alikuwa akiniita kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu nianze shule.

Nilidhani matembezi yangekoma hapo. Kesho yake fimbo iligonga kama kawaida. Tofauti ilikuwa mfuko wa koti lake, uliokuwa umevimba kwa sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na kwamba tangu siku hiyo alitembea nyuma yangu, si mbele.

Tuliendelea hivyo tangu mvua za mwisho wa mwaka mpaka mikahawa ikachanua tena. Nilifika kiwandani bila kusimama. Nilimaliza kabati lililokuwa limenishinda kwa miezi. Uchovu haukuondoka, ila ulipungua makali. Kulikuwa na saa kadhaa asubuhi ambazo niliweza kuusahau. Nilipokwenda kliniki, muuguzi aliangalia majibu ya damu, akatabasamu, akaniambia sukari yangu haijawahi kukaa vizuri namna ile. Nilirudi nyumbani nikawaambia wazazi wangu maneno hayohayo, kwamba sukari imekaa vizuri. Baba alisimama, akaivua kofia yake, akatoka nje. Mama aliniambia alimwona nyuma ya zizi akiomba.

Jumapili iliyofuata alichinja mbuzi.

Nilifikiri ni kwa ajili ya kahawa, maana mwaka huo ilikuwa imezaa. Alikuwa amewaita ndugu zake wawili na mzee mmoja wa kanisa. Tulikaa uani. Kabla ya kula Baba alisimama kushukuru. Alisema mwanawe alikuwa mgonjwa tangu ujana, kwamba madaktari wa Embu walimpa hukumu ya maisha, lakini yeye amemtembeza mwanawe kila asubuhi, na sasa hospitali yenyewe imekiri kwamba sukari imerudi mahali pake. Wazee waliitikia. Mimi nilikuwa nimeshaitoa sindano yangu, nimeishika chini ya meza, kwa sababu chakula kilikuwa kinaletwa.

Baba mdogo akaniuliza, kwa furaha kabisa, kama sindano nilizitupa au nilizirudisha hospitali.

Wote walinitazama. Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi. Nilisema kwamba bado najidunga, kwamba hata sasa hivi nataka kujidunga ndipo nile. Nilisema nikijaribu kutabasamu. Mzee wa kanisa alikohoa, akasema Mungu hufanya kazi polepole. Mbuzi akaliwa. Alikuwa mnono, na hakuna aliyesema hivyo.

Wageni walipoondoka, jua bado liko juu ya migomba, Baba alikuja kuketi karibu nami kwenye benchi.

"Sasa sindano unaacha lini?" aliniuliza.

"Siachi, Baba."

"Hata ukitembea namna hii?"

"Hata nikitembea namna hii."

"Hata tukianza kufika mpaka Meru na kurudi?"

Nilimweleza kama muuguzi alivyonieleza: kwamba ile sehemu ya mwili iliyokufa haiamki, kwamba kutembea kunalinda mishipa, moyo na macho, kunanisaidia nisichoke zaidi, lakini hakuponyi. Nilimkumbusha kwamba daktari alisema hivyo siku ya kwanza, naye alikuwepo. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Basi tulikuwa tunatembea ya nini?" alisema.

Hakuuliza kwa hasira. Ningeijibu hasira. Nilitafuta jambo la kumwambia, kwamba asubuhi zile zilikuwa na maana kwangu, kwamba sijawahi kuzungumza naye vile maishani. Kwa Kimeru maneno hayo ni mazito mno, mtu huyasema kaburini. Aliinuka kwa kushika goti, akaenda kuwafungia ng'ombe.

Asubuhi ya pili yake niliamka, nikapima, nikavaa viatu, nikaketi kitandani. Fimbo haikugonga. Nilimsikia akipita na ndoo ya maziwa. Sikumlaumu. Alikuwa amebeba mlima ule kwa miezi, katika umri wake, akiamini kwamba kuna mwisho juu huko, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba hakuna.

Tangu hapo amezeeka haraka. Mama husema ni magoti. Hazungumzi nami vibaya. Ananiuliza kama nimekula, ananiwekea ndizi nzuri. Ule msemo wake wa uchovu hausemi tena, na hilo linaniumiza kuliko alipokuwa akiusema. Ananitazama nikiketi kwenye kigoda mchana, kisha anaangalia pembeni, kama mtu aliyeona kitu kisichofaa kutazamwa.

Karakana nimempangisha fundi wa kuchomelea vyuma. Nimebaki na kona moja ninapotengeneza vigoda na meza ndogo, kazi ninayoweza kuifanya nimeketi. Sukari imeanza kurukaruka tena. Muuguzi ameniuliza kama ninatembea, nikamwambia ninatembea, na si uongo wote.

Juzi nilijaribu. Nilitoka peke yangu, nikapita kanisani, nikavuka daraja. Chini ya mlima wa kiwanda miguu ikakataa. Haikuwa sukari, nilipima, ilikuwa sawa kabisa. Ilikuwa uchovu tu, ule wa zamani, mzima mzima, kama ambao hatukuwahi kuugusa. Niliketi juu ya jiwe. Wanawake waendao kuchuma walipita na vikapu vyao, wakanisalimu, na mmoja wao, jirani yetu, akaniuliza kwa upole kama ninasubiri gari.

Nikasema ndiyo, nasubiri gari.