Sindano Ilipita Kidoleni, Sikusikia Kitu

Msomaji huyu anatoka nyanda za juu za kusini. Ametuomba tumfichie jina na kijiji, nasi tumemfichia. Kisa ni chake, ushauri ni wenu.

Mhariri na wasomaji wenzangu, kamwene. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Jumatatu hadi Jumamosi mchana nafua na kupiga pasi nyumbani kwa mzungu mmoja mwenye shamba la chai huku Mufindi. Mume wangu anapasua mbao upande wa Sao Hill.

Jumamosi nikitoka kazini sirudi nyumbani. Napitiliza misheni kwa Mama Mchungaji, anayetufundisha wanawake kusoma na kushona kwa cherehani. Jumapili pia, ibada ikiisha mimi nabaki. Ameniahidi kwamba nikishika vizuri, mwakani atanipeleka Iringa nikasomee ualimu wa ushonaji. Jambo hilo nalitaka tangu baba alipowapeleka kaka zangu shule, mimi nikabaki na jembe.

Mwanzoni mume wangu alifurahi. Alinichongea hata rula ya mbao ya kupimia vitambaa. Baadaye akaanza kunyamaza. Jumapili moja nilimkuta anakula kiporo peke yake. Akasema, "Mama Tumaini," (jina la mtoto nimelibadili) "wiki nzima wewe ni wa mzungu. Jumapili wewe ni wa cherehani. Mimi na mtoto utatupa siku gani?"

Nikamjibu, "Vumilia, baba. Nikishasoma tutakaa vizuri."

Halafu mwili ukaanza kuzimika. Sijui niseme vipi. Chakula hakina ladha. Kwaya ikiimba nasikia kelele tu. Mwezi uliopita nilikuwa nashona gauni, usingizi ukanichukua nimekaa vilevile, miguu inakanyaga cherehani. Sindano ikaingia kwenye ukucha, ikatokea upande wa pili. Waliopiga kelele ni wenzangu. Mimi nilikitazama kidole kama cha mtu mwingine.

Nyumbani mume wangu alikiosha kwa maji ya chumvi.

"Inauma?"

"Hapana."

"Niambie ukweli, mke wangu."

"Haiumi."

Akainamisha kichwa, akalia. Hata siku ya kumzika mama yake sikumwona akilia. Nilimtazama tu, sikujua la kumfanyia.

Mama Mchungaji aliniambia, "Pole, mwanangu. Lakini nafasi ni moja. Ukianza kukosa, nitampa mwingine." Mume wangu yeye anataka nipumzike mpaka mvua ziishe. Anasema Iringa haihami.

Jumapili iliyopita nilijaribu. Alichinja kuku, akatandika mkeka uani, akamleta mtoto kutoka kwa mama yangu, maana siku hizi analala huko. Mtoto akanilalia mapajani. Nikakaa. Nikifikiria kwenda misheni, sikutaka. Nikifikiria kubaki pale, sikutaka pia. Jioni mume wangu akauliza, "Umepumzika?" Nikasema ndiyo, kwa sababu alikuwa amehangaika.

Mnaotaka kunisema, nisemeni, sitakasirika. Ila mniambie: Jumamosi nikitoka kazini nishike njia ya misheni au ya nyumbani? Na kama yupo kati yenu aliyewahi kuzimika hivi, tafadhali aniandikie, ni kitu gani kilichomrudisha?