Watoto wa Mbwa Niliomwachia Wifi

Watu husema hasira hasara. Yangu imenilipa vizuri tu, na wifi yangu, dada wa mume wangu, analijua hilo.

Nina mbwa jike wa ile aina ndogo yenye manyoya mengi. Alipozaa watoto watatu hapa mjini Masoko, wifi ndiye aliyetangulia kutoa hukumu. "Wifi, vijibwa vyenyewe vinaenea kiganjani. Ukividunga sasa utaviua. Ngoja siku ya chanjo ya bure, viende na wenzao."

Bwana mifugo alinieleza vingine. Udogo wa umbo hauahirishi chanjo. Mtoto wa mbwa mdogo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, sawa na wa mbwa mkubwa, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe miezi minne. Kabla ya hapo asikanyage mahali wanapopita mbwa wa watu. Tukakubaliana, akaagiza dawa Lindi, ije kwa basi ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu.

Haijafika, nikaitwa msibani Tingi. Nikamwachia wifi watoto na kumsisitizia kwamba wasitoke uani.

Siku ya bure ikaangukia hapohapo. Ile ni chanjo ya kichaa cha mbwa peke yake, lakini kwetu wengi huamini sindano moja inakinga kila kitu. Wifi akajifunga khanga mpya, akawatia watoto kikapuni, akaenda kuringa nao. Uwanjani akawaweka chini wacheze katikati ya mbwa wa mji mzima, wengine wanahara. Mchanjaji akawakataa, umri haujafika.

Siku chache baada ya kurudi kwangu wakaanza kuhara damu. Niliwanywesha maji kwa kijiko, wakayatapika. Wote watatu nikawafukia nyuma ya choo. Wifi alisimama mlangoni na kuniambia, "Si nilikwambia hawa hawana maisha?" Nilimchukia palepale, tena kwa raha.

Mwaka uliofuata mama yao alizaa mmoja tu. Wifi akaja na sukari, akaomba apewe yeye. Nikamwambia asubiri chanjo zikamilike. Kila bwana mifugo alipokuja, wifi ndiye aliyempakata mbwa akidungwa. Akampa jina, akamnunulia bakuli. Mbwa akamzoea hata akawa anasikia malapa yake tu, mkia unacheza. Mimi nilikuwa nateleka chai na kutabasamu.

Siku ya sindano ya mwisho nilimwalika jirani wa wifi wanayepakana ua, mwanamke wasiyesalimiana naye. Nikamkabidhi mbwa, wifi anaangalia.

"Na mimi, wifi?"

"Wewe huwezi kulea."

Akaondoka bila kuaga. Mume wangu aliniambia nimezidi. Nimezidi, ndiyo, na usiku ule nililala usingizi mzuri.

Nasikia jioni wifi huchuchumaa penye ua wa makuti unaowatenganisha, akapenyeza mkono kwenye tundu, mbwa akaja kuulamba. Juzi nilimpelekea jirani makuti mapya, nikakaa palepale mpaka tundu likazibwa.